Vichupa Saba vya Boga

Jumanne, 4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai mgongo umekuachia kidogo. Mimi mzima, uchovu tu. Umesema simu inakuvumia masikioni na herufi zake huzioni, basi turudi kwenye kalamu. Nimempata dereva wa gari la mizigo, yule wanayemwita Taratibu, amekubali kubeba. Anaondoka huku Jumatano alfajiri, anafika kituoni kwenu alasiri, analala hukohuko na kugeuza Alhamisi asubuhi. Barua yako iache kwa muuza mkate pale kituoni, ataichukua.

Ndani ya kikapu kuna vichupa saba vya rojo la boga, kimoja kwa siku. Nimevizungushia barafu na magazeti. Vikifika tu viingize kwenye friji, kule kwenye kugandisha, uwe unatoa kimoja kila asubuhi. Nimelipika mwenyewe jana, siku yangu ya mapumziko. Nimelimenya, nikalikata vipande, nikalipika kwa mvuke bila kulitosa majini, nikaliponda, nikalichuja mara mbili maana zile nyuzi zinamkwama mtoto kooni. Chumvi sikutia, sukari sikutia. Na wewe mama usitie. Najua utasema mbona ninyi mlikula chumvi na mkakua. Nakuomba tu usitie.

Kazi ni ileile ya mashuka. Yanakuja kutoka hotelini marundo kwa marundo, mimi nipo upande wa kupiga pasi. Nikitoka hapo miguu si yangu. Maziwa nayo yamekauka. Wiki ya kwanza nilikuwa nafunga kitambaa kifuani nisilowe mbele za watu, sasa kitambaa nimekikunja nikakiweka chini ya mto.

Kibonge ana miezi sita na nusu na mimi sipo. Hivi vichupa ndivyo kitu pekee ninachomfanyia mwanangu kwa mkono wangu. Kwa hiyo usinifiche mama. Niandikie anakulaje, kama anafungua mdomo, kama anatema, kama analia. Kila kitu.

Binti yako

*

Jumatano, 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo palepale, tumeshazoeana.

Mume wangu Kibonge hajambo. Siku hizi hapiti mtu na kipande cha mkate mbele yake bila kukodolewa macho. Boga lako amelipokea. Kijiko cha kwanza alikunja uso kama mtu aliyeambiwa arudie mtihani. Cha pili akatulia kidogo akifikiri. Cha tatu akanishika mkono nisiondoe. Vichupa vyote saba vimekwisha, nimeviosha, navirudisha kwenye kikapu.

Umelichuja vizuri mno. Nilikiinua kichupa dirishani nikakitazama kwenye mwanga, sikuona uzi hata mmoja. Na kila kichupa kina tarehe yake kwenye karatasi. Nikajiuliza huyu mtoto wangu mvivu wa kuosha vikombe amefundishwa na nani.

Nashukuru umepata hiyo kazi ya mashuka. Inachosha, najua, lakini shuka halikuiti mama. Wewe ulikuwa na umri wa huyuhuyu nilipokwenda kulea watoto wa watu nikakuacha kwa bibi yako. Miaka minne. Siku niliyorudi ulikimbia ukajificha nyuma ya gauni lake, na ulipolazimishwa kunisalimia ukaniita shangazi. Ndiyo maana nilikuomba siku ile unafunga begi: fua, fagia, beba mawe, ila usishike mtoto wa mtu wakati wako yuko mikononi mwa mwingine. Asante kwa kunisikiliza.

Ule vizuri na wewe.

Mama yako

*

Jumanne, 18 Machi

Mama,

Shikamoo. Huo uso wa mtihani umenichekesha hadi watu wakanigeukia. Barua nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Tarehe ni mazoea ya kiwandani tu, kila furushi la mashuka linabandikwa karatasi yake. Usifikiri nimebadilika, vikombe vyangu bado vipo kwenye beseni tangu jana.

Sasa nisikilize. Ataanza kukugombania kijiko. Usimnyang'anye, akinyang'anywa ananuna na mdomo haufunguki tena. Mpe kimoja ashike, wewe lisha kwa kingine. Akigeuza kichwa pembeni ujue ameshiba, usimfuate na kijiko. Na akiwa na usingizi mwimbie polepole, tena wimbo uleule, atakula hata macho yamefumba.

Nina ombi, mama. Kichupa cha kwanza uwe unampa Jumatano ileile jioni gari likifika, uniandikie hapohapo, ili Alhamisi Taratibu anikabidhi habari ikiwa bado ya moto. Juma zima naisubiri Alhamisi. Leo nimesinzia nimesimama, pasi mkononi, nikaamshwa na harufu ya kitambaa kuungua. Nilikuwa nimeota nimempakata.

Binti yako

*

Jumatano, 2 Aprili

Mwanangu,

Nafanya kama ulivyoagiza. Kijiko nilimwachia, na ukuta wa jikoni sasa una rangi mbili. Boga la leo limefika salama na mume wangu amelila lote. Amejipaka hadi nyusi. Jino moja limechomoza chini, linang'ata, muulize bibi yake kidole gumba.

Mikono yako inakuwaje huko? Nakumbuka kuna jirani yetu alikuwa anafua viwandani, sabuni ilimla ngozi hadi akawa hashiki glasi ya maji ya moto. Wewe hujaniambia lolote juu ya mikono. Niambie ukweli.

Wangu mkono wa kulia unanisumbua siku hizi kwa sababu ya kuponda. Naponda vitunguu, nimeagizwa na daktari nile vitunguu.

Usisinzie na pasi.

Mama yako

*

Jumanne, 8 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mikono haijambo, tunavaa glovu.

Hilo la vitunguu limenishangaza, daktari gani huyo? Pumzisha mkono bwana. Walau boga linakuja limeshapondwa, nafurahi kwamba kuna kazi moja nimekupunguzia. Wiki hii sikupata siku ya mapumziko. Boga nimelipika kwa kuibiaibia, nikichochea kwa mkono mmoja. Macho yananiwasha. Likiwa na uzi mmoja mmoja unisamehe, umwangalie asipaliwe.

Jino. Nimekaa nalifikiria hilo jino siku nzima. Sasa hivi kuna sehemu ya mwanangu ambayo watu wote wa mtaa wenu wameiona isipokuwa mimi.

Binti yako

*

Jumatano, 16 Aprili

Mwanangu,

Gari limefika mapema leo. Nimekimbiza vichupa kwenye friji, kimoja nimempa palepale kama unavyopenda. Amekula vijiko kumi na viwili, nimevihesabu. Cha kumi na tatu akakisukuma kwa ulimi, nikajua ameshiba, sikumfuata. Boga la leo lilikuwa tamu kuliko la juzi, yeye mwenyewe ameona, maana alilamba na kifuniko.

Sasa amelala. Na mimi nakwenda kujinyoosha. Kikapu na vichupa vya zamani nitavituma safari ijayo.

Mama yako

*

Alhamisi, 17 Aprili

Dada wa boga,

Salaam. Nakuandikia kwa sababu nina aibu ya kukutazama usoni. Jana kikapu chako nilikisahau ofisi ya mizigo ya huku, chini ya benchi. Nilikumbuka nimeshamaliza safari nzima. Nimerudi leo jioni nimekikuta palepale, hakuna aliyekigusa. Mtoto amekosa chakula kwa sababu yangu, nisamehe sana.

Barua ya mama niliichukua kwa muuza mkate kama kawaida, hii hapa. Vyote viwili nakuachia kwa mama wa genge, pale unaponunuaga maboga. Nadhani ufungue kikapu mapema, nimesikia harufu.

Dereva, Taratibu

*

Jumapili, 20 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Alhamisi jioni nilisimama gengeni kwa mama wa maboga na kikapu mkono huu, barua mkono huu. Kikapu kizito. Vichupa saba, vyote vimejaa, havijatoka mji huu hata hatua moja. Barua inasema amekula vijiko kumi na viwili na kulamba kifuniko.

Nilisoma tena nikidhani ni barua ya zamani. Tarehe ilikuwa ya jana yake. Mama wa genge akaniuliza kama nimepokea habari ya msiba.

Halafu nikafungua kichupa. Kifuniko kiliruka kabla sijakizungusha vizuri, povu likanimwagikia mkononi, limechacha. Siku moja na nusu tu, na barafu, na magazeti yote yale. Nikakaa juu ya kreti ya nyanya nikaanza kujiuliza: kumbe safari ya siku nzima kwenye jua, vinakufikiaje wewe?

Nina hasira mama, sitaki kukudanganya. Nilikuambia usinifiche. Nimekuwa nikipika nimelala nusu, nimeungua vidole, najiambia haidhuru, jioni anakula cha mkono wangu. Na wewe unaniandikia vijiko vya kuhesabu ambavyo havikuwepo. Hivi ule uso wa mtihani uliuona kweli au uliutunga? Lile jino lipo?

Mwanangu anakula nini? Jibu hilo kwanza. Mengine nitakuuliza baadaye.

Binti yako

*

Jumatano, 23 Aprili, jioni, gari limeshafika

Mwanangu,

Umenishika. Najibu ulichouliza kwanza: mwanao anakula boga. Jino lipo, sasa yapo mawili. Uso wa mtihani niliuona kwa macho yangu haya.

Friji lilikufa siku nne kabla ya kikapu chako cha kwanza. Fundi alilifungua, akalifunga, akaniambia nilitumie kama kabati. Ndani yake sasa kuna sahani na nepi. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umetoka juzi tu na nilijua utaacha kula ili ulinunulie mama yako friji.

Kichupa cha kwanza kilifika na baridi yake kidogo, akakila, ndiko ulikotoka huo uso. Cha pili kilikuwa kizima, nilikuwa nimekilaza kwenye beseni la maji. Cha tatu nilikionja ncha ya ulimi nikasema labda ni ukali wa boga lenyewe. Ni mimi niliyesema hivyo na ni mimi niliyemlisha. Akaharisha siku mbili. Nilimpeleka zahanati mgongoni, wakampa maji ya dawa, nikakesha namnywesha kwa kijiko. Alipona. Tangu siku hiyo kila kikapu kikifika nafungua vichupa na kuvimwaga nyuma ya nyumba, nikigeuza uso, kwa sababu najua vimepikwaje. Halafu nachukua boga la hapa, kipande cha kumtosha siku moja, nalichemsha, naliponda kwa uma. Chujio langu lilitoboka, kwa hiyo naliponda hadi nyuzi zisalimu amri. Hivyo ndivyo vitunguu vya daktari.

Barua naziandika Jumatano mchana mtoto akilala. Nikishambeba hadi kituoni na kurudi na kikapu, sina mgongo wala jicho la kuandikia. Kwa hiyo nabeba barua tayari, nampa muuza mkate, nachukua kikapu. Jumatano ile nilifika, gari limesimama, kikapu hakipo, Taratibu amekwenda kula. Nilirudi nyumbani kabisa nikapika ndipo nikakumbuka barua yangu inasema nini. Nilikimbia kuirudisha, kama ningeweza kuitwa mtu anayekimbia. Ilikuwa imeshachukuliwa.

Ningekuambia, ila uliandika kwamba vichupa ndivyo kitu pekee. Ningekunyang'anya vipi?

Sasa na mimi nina langu, na nimechoka kujifanya silijui. Nalijua tangu kichupa cha kwanza. Mpiga pasi wa mashuka hachuji boga mara mbili. Haandiki tarehe kwenye kila kichupa. Na haachi nafasi ya kidole mdomoni mwa kichupa ili kikiganda kisipasuke. Hiyo nafasi ya kidole nilifundishwa na mama mwenye nyumba wa kwanza niliyemfanyia kazi, alikuwa anapima kwa rula. Sijawahi kuiona mahali pengine popote isipokuwa kwenye nyumba za namna hiyo. Kisha ukaniandikia mtoto agawiwe kijiko chake mwenyewe na aimbiwe wimbo uleule. Hayo hukuyatoa kichwani. Umeyatoa kwa mtoto uliyempakata. Ana umri gani?

Sikukasirika. Niliumia. Nilikaa na kichupa mapajani nikasema, nimezunguka kote huko na bado sijamvusha mwanangu.

Na la mwisho nililokuficha. Ameanza kusema mama. Ananiambia mimi. Nilimletea picha yako, nikamwonyesha, mama ni huyu. Akaipiga picha kofi, akacheka, akanigeukia mimi akasema tena. Wewe ilikuchukua mwaka mzima kuacha kuniita shangazi, na ulikuwa mtoto mzuri, ulijitahidi. Mwaka ule nisingependa wewe uuone.

Usilete boga tena.

Mama yako

*

Jumanne, 29 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako bafuni nimefungulia maji ili wasinisikie.

Ni msichana. Amempita Kibonge siku kumi. Mashuka niliyafua kweli, siku tisa tu, halafu wakapunguza watu na mimi nilikuwa wa mwisho kuingia. Mama wa genge ndiye aliyenielekeza hapa. Nilijiambia ni wiki mbili tu nikitafuta kingine. Pasi niliyosinzia nayo ilikuwa ya nguo zake. Ile wiki niliyochochea kwa mkono mmoja, mkono mwingine nilikuwa nimembeba, alikuwa na homa.

Boga lilikuwa sufuria moja. Mama mwenye nyumba alisema nipike jingi nitakavyo, anajua nina mtoto. Nusu ya binti yake, nusu ya mwanangu, nilikuwa napima vichupa visizidiane hata kijiko. Nikimlisha huyu najisemea sasa hivi na yule anafungua mdomo. Kumbe nusu moja ilikuwa inakwenda kwa mtoto na nyingine nyuma ya nyumba. Na wewe na huo mkono wako.

Aliharisha na sikujua. Siku hizo mbili nilikuwa nacheka huku na huyu mwingine. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, si uongo wako.

Jana nimemwambia mama mwenye nyumba kwamba naondoka. Hakugomba. Alikaa kwenye kiti cha jikoni na nguo zake za kazini, akaniuliza, sasa atakula kwa nani? Nikamwambia nimeandika yote kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji, wimbo na kila kitu. Akasimama kuisoma. Aliisoma kwa muda mrefu, kidole kinafuata mistari, akaniuliza ni wimbo upi. Hakuwahi kuusikia. Nilimwimbia palepale, tukawa wote wawili hatutazamani. Binti yake atalia, mama. Amezoea mkono wangu. Nimemwona leo ananinyooshea kijiko na nikalazimika kutoka nje.

Sijui nitafanya kazi gani huko. Nitafua mashuka ya yeyote mwenye kitanda. Nimechoka na sijui kama nafanya akili au wazimu, lakini kama ni kuchoka, nichokee hapo nyumbani.

Nakuja Jumatano ijayo, tarehe saba. Taratibu ameniwekea kiti cha mbele, anasema kikapu cha namna hii hawezi kukisahau chini ya benchi. Boga nunua, ila usilipike wala usiliponde. Nakuja na chujio. Akinitazama na kuficha uso begani mwako, usinionee huruma na usimsukume kwangu. Nitakaa sakafuni na vijiko viwili, kimoja changu kimoja chake, mpaka achoke kuninunia.

Na barua, mama, safari hii usiandike mchana. Subiri kwanza gari lifike.

Binti yako